Sarafu Iliyoshindwa Kazi Ndiyo Yenye Bei

Kuna ujumbe usiokufa kwenye simu za watu wa Kisumu. Hupotea kwa muda, kisha hurudi na maneno yaleyale: ukiwa na sarafu ya shilingi arobaini yenye sura ya Mwai Kibaki usiitumie, yuko mnunuzi anayeitafuta kwa laki kadhaa. Siku nyingine inayotafutwa ni shilingi ya Mzee Jomo Kenyatta, au ile senti kumi ya mkoloni yenye tundu katikati. Ujumbe ukishasambaa, muuza omena wa soko la Kibuye huanza kutenga sarafu kwenye kopo, na abiria wa Kondele humlipa makanga kwa noti huku arobaini yake akiifunga kwenye pindo la leso.

Mimi nimezishika sarafu za Afrika Mashariki kwa muda mrefu, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Hii ni pesa ngapi?" Jibu langu huwaudhi wengi, kwa kuwa sarafu moja ina bei tatu. Ya kwanza ni ile iliyoandikwa juu yake. Ya pili ni ya madini yaliyomo. Ya tatu ni ile ambayo mkusanyaji yuko tayari kuitoa mfukoni mwake. Bei hizi hazifuatani. Na hiyo ya tatu, ambayo ndiyo inayowatia watu wazimu, haiji kwa sababu ya uzee wa sarafu wala kwa sababu ya sura iliyochorwa. Mara nyingi huja kwa sababu sarafu hiyo ilishindwa kazi yake ya kuwa pesa. Iliyozunguka vizuri, ikatengenezwa kwa mamilioni na kupendwa na kila duka, leo ni rahisi. Iliyokataliwa, ikarudishwa kiwandani na kuyeyushwa kabla watu hawajaizoea, ndiyo ghali.

Kisumu ni mahali pazuri pa kuipima hoja hii. Tangu reli ifike Port Florence, kama Kisumu ilivyoitwa wakati huo, tarehe 20 Desemba 1901 hadi Benki Kuu ya Kenya ilipotoa pesa zake mwaka 1966, mji huu ulipitiwa na rupia, senti za rupia, florini na shilingi ya kikoloni. Ni mifumo mingi kwa miaka sitini na mitano, na kila mmoja uliacha masalia yake katika masanduku ya familia za ufuoni.

Arobaini ya Kibaki

Tuanze na sarafu inayosumbua watu. Shilingi arobaini ilitolewa mwaka 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Ina metali mbili, pete ya nje na kiini cha rangi tofauti, na ndiyo sarafu pekee ya matumizi ya kila siku yenye sura ya Kibaki. Mwaka 2005 sarafu mpya zilirudi kwenye sura ya Kenyatta, na Katiba ya 2010 ikafunga mlango kabisa: ibara ya 231(4) inaruhusu noti na sarafu kubeba picha zinazoiwakilisha Kenya, lakini si sura ya mtu yeyote. Ndiyo maana sarafu zilizozinduliwa tarehe 11 Desemba 2018 zina twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi na ndovu kwenye ishirini.

Kwa hiyo arobaini ina kila sifa ya kusisimua: kiwango kisicho cha kawaida, rais aliyeonekana mara moja tu, sheria iliyozuia wengine kumfuata. Kasoro yake ni moja. Kila mtu aliiona ni ya ajabu tangu siku ya kwanza, akaiweka. Sarafu iliyowekwa na watu wengi haiwi adimu. Inahama tu kutoka sokoni kwenda kabatini. Siku bei itakapopanda kidogo, makabati yote yatafunguliwa pamoja na bei itashuka tena. Bado ni pesa halali, na unaweza kuipeleka benki ikapokewa kwa shilingi arobaini zake.

Afrika Kusini walipitia jambo hilihilo kwa kiwango kikubwa zaidi. Sarafu ya randi tano ya mwaka 2008, iliyomwadhimisha Nelson Mandela kwa kutimiza miaka 90, ilitengenezwa kwa mamilioni. Uvumi ukaipa bei ya nyumba. Watu walisafiri wakiwa na sarafu zao mfukoni, wakaambiwa ni randi tano.

Mizani ya Kibuye

Bei ya madini ni rahisi kuijua kwa sababu haina hisia. Mfanyabiashara wa skrapu huanza na sumaku. Sarafu ikinasa, ni chuma, na maongezi yameisha. Shilingi moja ya twiga ni chuma kilichopakwa nikeli, na sarafu ndogo za miaka ya 90 nazo zilikuwa chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Benki kuu za dunia zilikimbilia chuma kwa sababu moja: madini ya sarafu yakizidi thamani iliyoandikwa, sarafu hupotea mitaani na kuingia tanurini. Mwaka 2007 India ililalamika kwamba sarafu zake ndogo zilikuwa zikivushwa kwa magendo hadi Bangladesh kutengenezewa nyembe.

Sasa chukua shilingi ya Kenyatta ya zamani, ile pana iliyotolewa kati ya 1966 na 1978. Sumaku haiigusi. Ni mchanganyiko wa shaba robo tatu na nikeli robo moja, na uzito wake ni karibu gramu 8. Ndani yake mna gramu 6 za shaba na gramu 2 za nikeli. Tuchukue bei za mfano, ili hesabu iwe nyepesi: kilo ya shaba shilingi 1,000, kilo ya nikeli shilingi 2,000. Shaba hiyo ni shilingi 6, nikeli shilingi 4. Shilingi moja ina madini ya shilingi kumi! Lakini usikimbilie sokoni. Hakuna mwenye skrapu atakayekulipa bei ya nikeli safi kwa nikeli iliyoyeyushwa pamoja na shaba, kwa kuwa kuzitenganisha kunahitaji mtambo na gharama.

Senti kumi ya kikoloni ni afadhali. Ni ya shaba kwa sehemu kubwa, ina tundu katikati na pembe za ndovu zilizopindwa kulizunguka. Wajaluo waliiita otonglo. Uzito wake ni karibu gramu kumi, hivyo kama mia moja hujaza kilo. Kwa bei yetu ya mfano kila moja ina shaba ya karibu shilingi kumi, mara mia ya kilichoandikwa juu yake. Kiasi hicho hakimtajirishi mtu, ila kinaeleza kwa nini nyingi ziliishia kwa mafundi, na kwa nini nyingine zilitumika kama washa chini ya misumari ya mabati. Tundu lilikuwa tayari.

Metali yenye maana ni fedha halisi, na hapa kuna ujuzi mmoja ambao ningependa kila mwenye sanduku la marehemu babu aujue. Shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, yenye simba mbele ya milima, ilitengenezwa kwa fedha robo moja tangu 1921 hadi 1946. Ina gramu 7.78, kwa hiyo fedha iliyomo ni gramu 1.94. Kuanzia 1948 ikawa shaba na nikeli, ukubwa uleule na simba yuleyule. Ikichakaa mpaka mwaka hausomeki, utazitofautishaje? Igeuze upande wa kichwa cha mfalme usome ukingoni. Ukiona herufi IND IMP, maana yake mfalme alikuwa bado anajiita Kaizari wa India, na sarafu hiyo ina fedha. India ilipojitawala mwaka 1947, cheo kikafutwa. Sarafu za 1948 na kuendelea zinamwita GEORGIVS SEXTVS REX, basi. Kuondoka kwa Uingereza Delhi kumebaki kwenye ukingo wa shilingi iliyotumika Kisumu, na kunamsaidia mtu asiye na mizani wala tindikali kutambua madini. Senti hamsini nayo ifanyie hivyohivyo.

Gramu ya fedha ikiwa shilingi 100, shilingi hiyo ina fedha ya shilingi 194. Rupia ya India inaizidi mbali: uzito wake ni gramu 11.66, na sehemu 917 kati ya 1,000 ni fedha halisi, yaani gramu 10.7 hivi. Kwa bei hiyohiyo ni zaidi ya shilingi elfu moja. Wajenzi wa reli walilipwa kwa rupia, maduka ya Wahindi yaliyoifuata reli, yakiwemo ya Allidina Visram, yaliuza kwa rupia, na kodi ya nyumba ilihesabiwa kwa rupia. Si ajabu kuikuta Gem, Asembo au Seme. Mwenye rupia iliyochakaa kabisa ana kitu cha thamani kuliko mwenye arobaini mpya kumi.

Zilizoshindwa

Hizo zote ni sarafu zilizofaulu, na bei yake haiendi mbali sana na madini. Sasa tazama zilizoanguka.

Mwaka 1907 na 1908 serikali ya kikoloni ilileta senti moja ya aluminiamu kwa Afrika Mashariki na Uganda, na mwaka 1908 nusu senti ya metali hiyohiyo. Zilikuwa miongoni mwa sarafu za kwanza za aluminiamu kuzunguka popote duniani. Lengo lilikuwa kupata pesa ndogo ya kutosha kununulia vitu vya bei ya chini kabisa, kazi ambayo upande wa Buganda ilikuwa ikifanywa na kauri. Lakini aluminiamu haikupatana na joto, unyevu na chumvi. Ilifanya madoa, ikaliwa. Mwaka 1909 ikaachwa na nafasi yake ikachukuliwa na shaba na nikeli. Leo senti ya aluminiamu iliyo safi, isiyo na vidonda, ni vigumu kuipata. Madini yake hayana thamani hata ya peremende, na bado wakusanyaji wanaitafuta.

Florini ilianguka vibaya zaidi. Kabla ya Vita vya Kwanza rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja. Vita vilipandisha bei ya fedha duniani, na rupia, ikiwa karibu yote ni fedha, ikapanda nayo. Walowezi waliouza mazao yao kwa pauni na kulipa madeni na gharama kwa rupia wakapiga kelele. Mwaka 1920 rupia ikafungwa kwenye shilingi mbili za Kiingereza, na Bodi ya Sarafu, iliyoundwa London mwishoni mwa 1919, ikatoa florini kuchukua nafasi yake. Ilikuwa na uzito wa rupia, lakini fedha yake ilikuwa nusu tu. Kabla haijazoeleka uamuzi ukabadilika tena, na mwaka 1921 ikaja shilingi yenye fedha robo. Florini nyingi zikarudi kuyeyushwa. Fedha iliyo ndani ya florini ni mara tatu ya ile ya shilingi, lakini bei yake kwa wakusanyaji huizidi ya shilingi ya kawaida kwa zaidi ya mara hizo tatu. Tofauti hiyo haitokani na madini. Inatokana na kushindwa.

Mfano mkubwa kuliko yote uko kusini mwa ziwa. Mwezi Juni 1915 askari wa Uingereza walipanda meli hapa Kisumu kwenda kuishambulia Bukoba. Koloni la Wajerumani lilikuwa limezingirwa, na pesa kutoka Ulaya zilikuwa haziingii tena. Mwaka 1916, katika karakana ya reli huko Lulanguru karibu na Tabora, Wajerumani wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke na kutengeneza sarafu ya rupia 15 yenye ndovu aliyeinua mkonga, Kilimanjaro nyuma yake. Zilipigwa 16,198 tu. Mwezi Septemba Tabora ikatekwa. Sarafu iliyozaliwa kwa sababu koloni lilikuwa linaanguka leo huuzwa kwa maelfu ya dola, juu sana ya thamani ya dhahabu iliyomo, na ndiyo maana waghushi wanaipenda. Mtu akikutembelea nayo Oginga Odinga Street akidai ameiokota Mwanza, mpe chai, usimpe pesa.

Hoja yangu ina mpaka wake, na mpaka huo unaonekana kwenye sarafu za 1936. Mfalme Edward wa Nane alijiuzulu Desemba mwaka huo kabla ya kutawazwa. Uingereza kwenyewe hakuwa na sarafu ya kuzunguka yenye sura yake. Huku kwetu senti tano na senti kumi zilikuwa na jina la mfalme bila kichwa, kwa sababu ya tundu, hivyo viwanda viliweza kuzipiga mapema. Matokeo yake jina la mfalme aliyekosa sarafu kwao lilizunguka katika masoko ya Nyanza. Ni hadithi tamu, na watu hudhani lazima ina bei. Haina. Mfalme alishindwa, lakini sarafu haikushindwa: zilitengenezwa kwa mamilioni, zikanunua samaki na chumvi kwa miaka mingi. Hadithi huifanya sarafu ipendwe. Uchache ndio unaoilipa.

Hali, kasoro na ulaghai

Hata sarafu adimu hupoteza sehemu kubwa ya bei ikisuguliwa. Watu wetu wana bidii ya usafi, na mtu akitaka kuuza shilingi ya 1925 kwanza huisugua kwa ndimu na jivu, au kwa waya wa sufuria, mpaka imeremete. Ameichuna ngozi yake. Mkusanyaji anatafuta uso wa asili, hata ukiwa mweusi, kwa sababu ukishaondolewa haurudi. Ifute vumbi kwa kitambaa laini, uiache.

Jihadhari pia na "kasoro". Sarafu ya shilingi kumi ambayo kiini chake kimetoka huletwa mara kwa mara kama kosa la kiwandani. Itazame kwa makini: kama ukingo wa ndani wa pete una mikwaruzo na kiini kimejikunja kidogo, kuna mtu aliipiga nyundo. Kosa la kweli hutokea kabla sarafu haijatoka kiwandani, kwa mfano kiini kilichopigwa nje ya mahali pake huku chapa ikipita juu ya metali zote mbili bila kukatika. La nyundo ni uharibifu, na linapunguza hata zile shilingi kumi.

Halafu kuna sarafu za majirani. Kwa kuwa samaki, mahindi na watu huvuka Busia kila siku, kwenye chenji ya Kisumu hujitokeza shilingi mia mbili ya Uganda, yenye picha ya samaki. Ni ngeni kwa macho tu. Thamani yake ni ya kubadilishia, na kwa kuwa wabadilishaji fedha hupendelea noti, njia bora ni kumpa dereva anayeelekea Kampala.

Kuhusu wanunuzi wa mtandaoni, kipimo ni kimoja. Wengi huonyesha bei inayoulizwa: mtu ameweka shilingi ya Kenyatta mtandaoni kwa laki mbili na hakuna aliyeinunua. Bei ya kweli ni ile iliyolipwa kwenye mnada uliokwisha. Na yeyote anayekutaka umtumie kwanza "ada ya usajili" au "ada ya cheti" kwa M-Pesa ndipo akununulie sarafu, huyo hanunui sarafu. Wewe ndiye bidhaa.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006 inakihesabu kama kitu cha kale kila kitu kinachohamishika, isipokuwa vitabu na hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na kukipeleka nje kunahitaji kibali. Rupia nyingi za Nyanza zilikuja na reli, baada ya mwaka huo, hata kama zimeandikwa 1880. Lakini rupia ya 1888 ya Kampuni ya Kifalme ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, yenye neno Mombasa, ni jambo jingine. Ukiipata, Makumbusho ya Kisumu yapo, waulize kabla hujaifunga kwenye bahasha ya London.

Ipi itakuwa ghali kesho?

Ukinifuata hadi hapa, utaniuliza sarafu gani ya leo itafuata njia ya florini. Siyo arobaini, kwa kuwa iko kwenye kila droo. Siyo zile za wanyama, kwa kuwa zinafanya kazi yake vizuri. Ningeitazama sumuni, senti hamsini ndogo ya miaka ya mwisho. Hakuna kitu sokoni kinachouzwa kwa senti hamsini, makanga haipokei, maduka hutoa peremende badala yake, na toleo la 2018 halikuiweka kabisa. Watu waliitupa au kuwapa watoto wachezee, na kwa kuwa ni chuma kilichopakwa, ikipata unyevu inashika kutu. Hakuna aliyedhani inafaa kuwekwa, na hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya kitu kitakachokuwa adimu.

Sisemi itakutajirisha. Nasema tu kwamba ukiikuta mpya, isiyo na mkwaruzo wala kutu, iweke mahali pakavu ndani ya karatasi safi na uandike mwaka. Arobaini zako zipeleke benki, mtoto alipiwe karo.